Cha Juu

Kariakoo, mtu akikupeleka kwenye duka la viatu ambalo si lake na kukuambia jozi ni shilingi 45,000, unajua ndani ya hizo 45,000 kuna zake. Winga hajifichi sana. Mwenye duka anamjua, mteja anamshuku, na bei ikishuka hadi 38,000 wote watatu mnaelewa kuwa kilichopungua ni cha juu, si kiatu. Dalali wa nyumba yuko wazi zaidi: kodi ya mwezi mmoja ni yake, utake usitake. Nimekulia kwenye biashara za namna hii na sina chuki na mtu wa kati. Anajua duka lilipo, mimi sijui, basi ale.

Naanza hivyo ili msomaji asidhani ninachokiandika ni malalamiko ya mtu asiyetaka wakala apate kitu. Ninataka kueleza ninavyolipwa kwa Kiswahili changu hapa Sheffield, nani anachukua nini kabla hakijanifikia, na tulichokifanya mimi na wenzangu wawili mwaka jana. Kila mwanzo wa muhula kuna wanachama wanaoniuliza habari za ukalimani, na majibu ya kwenye korido hayatoshi.

Hospitali, halmashauri au shule ikipata mtu asiyejua Kiingereza, haimpigii mkalimani simu. Inampigia wakala mwenye mkataba nayo. Wakala ana orodha ya watu kwa lugha na kwa mtaa. Anatuma ujumbe kwenye simu, na wa kwanza kujibu ndiye anayepata kazi. Kiswahili kina kazi za kutosha katika mji huu, na sababu yake si sisi wanafunzi. Sheffield ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kupokea wakimbizi kwa mpango wa serikali ulioitwa Gateway, ulioanza 2004 na kumalizika 2020, na kupitia mpango huo familia nyingi za Kikongo zilikuja kuishi kaskazini mwa Uingereza. Kwa hiyo anayehitaji mkalimani wa Kiswahili hapa mara nyingi si mtu wa Tanga wala Mombasa. Ni mama wa Uvira, Baraka au Bukavu. Nitalirudia jambo hilo baadaye, kwa sababu ndilo lililogeuza mambo.

Kabla sijaendelea, onyo kwa wenye viza ya mwanafunzi: hamruhusiwi kujiajiri. Mawakala wa ukalimani kwa kawaida hutuchukua kama watu waliojiajiri, na zile saa 20 za wiki za wakati wa muhula haziwasaidii hapa. Hata saa moja ya kujiajiri ni kuvunja masharti. Usitegemee wakala akuulize. Mimi nilikuja na wazazi nikiwa bado shule na nina ukaazi wa kudumu, ndiyo maana naweza.

Sasa hesabu. Nilianza kwa pauni 18 kwa saa, kima cha chini saa moja. Kwa masikio ya mwanafunzi hiyo ni pesa nzuri. Mshahara wa chini wa kisheria kwa mwenye miaka 21 na zaidi, tangu Aprili 2025, ulikuwa pauni 12.21, kwa hiyo nilijiona nimewapita wenzangu wa mikahawani. Halafu chukua kazi moja ya kawaida. Miadi ni saa nne asubuhi, upande wa pili wa mji. Natoka nyumbani kabla ya saa tatu, basi pauni 3 kwenda na pauni 3 kurudi, mgonjwa anaingia kwa daktari amechelewa, tunamaliza, nasubiri karatasi isainiwe, narudi. Saa tatu zimekwenda. Nimelipwa 18, toa 6 za basi, zinabaki 12. Gawa kwa tatu. Pauni 4 kwa saa, na hakuna anayevunja sheria, kwa kuwa mtu aliyejiajiri hana mshahara wa chini. Kwa simu ndiyo usiseme: peni 30 kwa dakika. Mazungumzo ya dakika tisa kuhusu matokeo ya vipimo vya saratani yalinipa pauni 2.70. Nilikaa kitandani muda mrefu zaidi ya hizo dakika tisa nikijaribu kuyasahau.

Lipo jambo la zamani kidogo ambalo lafaa lijulikane, maana bei hizi hazikuota zenyewe kama uyoga. Zamani mahakama za Uingereza ziliwaita wakalimani moja kwa moja kutoka rejista ya taifa, na makubaliano yaliyokuwapo yalimpa mkalimani pauni 85 kwa kufika, zikihesabiwa kwa saa tatu za mwanzo, pamoja na fidia ya safari. Mwanzoni mwa 2012 serikali ilikabidhi kazi yote kwa kampuni moja. Wakalimani wakapangwa madaraja matatu: pauni 22, 20 na 16 kwa saa. Mamia waligoma, yaani walikataa tu kujiandikisha. Februari ya mwaka huo kampuni iliweza kutimiza asilimia 58 ya maombi ya mahakama, wakati mkataba ulitaka 98. Kesi ziliahirishwa, kamati za bunge zikaandika ripoti zenye maneno makali. Mfumo ulibaki. Mtu wa kati hakuondoka, wala bei hazikurudi zilipokuwa. Ninapowasikia wakalimani wazee wakizungumza habari za pauni 85, huwa naona kama wanasimulia enzi za Sultani.

Wenzetu wanaofanya kazi za kulea wazee kupitia mawakala wana shida ya aina nyingine, na afadhali yao ina jina na karatasi. Mwenzetu mmoja chamani aliahidiwa pauni 20 kwa saa kwa zamu mbili za usiku za wikiendi, saa 20 kwa wiki. Akahesabu 400. Ilipokuja hati ya malipo hakuzielewa tarakimu, tukakaa naye mezani na kalamu. Ile 20 haikuwa mshahara wake. Ilikuwa bei ambayo wakala anailipa kampuni ya katikati, zile zinazoitwa kampuni za mwavuli, na mwavuli ndio mwajiri wake. Mwavuli ukatoa pauni 20 za wiki, ujira wake wenyewe. Kutoka kwenye 380 zilizobaki ukatoa bima ya taifa ya mwajiri, asilimia 15 ya mshahara unaozidi pauni 96 kwa wiki, na tozo ya mafunzo ya kazi, nusu ya asilimia. Kilichobaki kama mshahara ghafi ni karibu pauni 341.50, na humo ndani imo pia malipo ya likizo. Ukiitoa likizo, saa yake moja ni pauni 15.24. Kodi yake mwenyewe bado haijaguswa. Hakuna aliyemwibia; kila mstari ni halali. Lakini neno "ishirini" lililotamkwa kwenye simu lilikuwa limeacha mistari minne nje.

Hapo sheria imejaribu. Tangu Aprili 2020 wakala wa aina hiyo analazimika kumpa mtu, kabla hawajakubaliana masharti, waraka mfupi unaoonyesha kwa mfano wa hesabu nini kitakatwa na nini kitamfikia. Mwenzetu alikuwa nao kwenye barua pepe zake, umezikwa chini ya viambatisho vingine kumi na kimoja. Tena kuna kanuni ya wiki 12: ukishafanya kazi ileile mahali palepale kwa muda huo, mshahara wako haupaswi kuwa chini ya wa aliyeajiriwa na mahali hapo moja kwa moja. Mwulizeni wakala juma la kumi na tatu, msingoje awakumbushe.

Mimi sikupewa waraka wowote. Katika mkataba wangu mimi ni mfanyabiashara. Ninajitegemea, ninajilipia bima, nililipia mwenyewe cheti cha kuonyesha sina rekodi ya uhalifu, na mfanyabiashara mwenzangu, yaani wakala, hana wajibu wa kuniambia anauza kwa ngapi. Nilijaribu mlango wa halali. Hospitali za umma ziko chini ya sheria ya uhuru wa habari, nikaandika kuuliza wanalipa shilingi ngapi, samahani, pauni ngapi, kwa saa ya mkalimani wa ana kwa ana. Walijibu ndani ya siku 20 za kazi kama inavyotakiwa. Jumla ya matumizi ya mwaka walinitajia. Bei ya saa wakasema ni siri ya kibiashara.

Siri hiyo ilikuja yenyewe Machi mwaka jana. Mratibu wa wakala alinitumia taarifa za miadi, na badala ya karatasi yangu akaambatisha ya mteja. Pauni 34 kwa saa. Hilo halikunishtua; 18 kwa 34 ni cha juu kikubwa lakini nilikuwa nimekwisha kukisia. Kilichonifanya niisome mara tatu ni mstari wa chini yake: kima cha chini saa mbili. Hospitali ilikuwa inalipa saa mbili hata kama nimekaa dakika arobaini, na mimi nalipwa saa moja. Yaani 68 zinaingia, 18 zinatoka. Na mteja akifuta miadi ndani ya saa 24 analipa yote. Mimi, kwa mkataba wangu, nalipwa nusu ya saa moja.

Nimejaribu kuwa mwadilifu na zile 50. Wakala ana watu wanaopokea simu usiku wa manane. Ana mfumo wa kompyuta, ana ofisi, anashindana kwa zabuni na wanaopunguza bei hadi mfupa, na hospitali haimlipi leo. Mratibu mwenyewe, kijana mpole wa Kiingereza anayejitahidi kutamka "asante sana", sidhani kama anatajirika. Sijui haki ingekuwa 25 au 30. Lakini winga wa Kariakoo hata siku ya njaa hachukui zaidi ya bei ya kiatu.

Nilimpelekea habari Yaya. Ndivyo tunavyomwita sote, dada mkubwa wa Uvira ambaye amefanya kazi hii kuliko yeyote mjini. Aliitazama ile karatasi, akauliza mimi nakubali ngapi. Nikamwambia. Akasema: "Mudogo yangu, iyi haiko bei, iko zawadi." Yeye alikuwa analipwa 20. Wa tatu wetu, kijana wa Bujumbura, alikuwa analipwa 16. Kazi moja, wakala mmoja, na mpaka siku hiyo hakuna kati yetu aliyewahi kumtajia mwenzake. Nadhani ni malezi: kwetu kuuliza mtu analipwa ngapi ni kukosa adabu. Adabu hiyo imewafaidi wengine.

Wazo la kwanza lilikuwa la wazi: sote watatu tuseme kwa sauti moja, hatutoki nyumbani chini ya pauni 25 na kima cha chini saa mbili. Mhadhiri mmoja wa sheria, msomaji wa jarida hili, alitusimamisha. Alituambia kuwa wafanyabiashara huru wakikubaliana bei wanaingia kwenye sheria ya ushindani ya 1998, ile iliyotungwa kwa ajili ya makampuni yanayopanga bei kwa siri. Tulicheka mpaka Yaya akatoa machozi. Watu watatu wenye basi la pauni 3, tumekuwa genge la makampuni. Lakini hakuwa anatania, na hatukutaka kujaribu. Kila mmoja akaandika barua yake na bei yake. Yaya aliomba 28. Mimi 25. Kijana wa Bujumbura alifikiri sana, ana watoto wawili, hakuandika kitu, na sote tulimwelewa.

Jibu langu lilikuja kesho yake. Walinishukuru, wakasema bei zao zinapangwa kwa kuzingatia soko, na kwamba Kiswahili si lugha adimu: wana wakalimani wengi nchi nzima. Wakanipa 19. Nikajibu kwa adabu kwamba sitaweza. Simu ikanyamaza. Wiki ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Nililipa kodi ya chumba kwa akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mtihani wa stashahada ya ukalimani, na kila ujumbe ulioingia usiku niliukimbilia, ukawa ni wa mtandao wa simu ukinitangazia vifurushi.

Wakati tumenyamaziwa, kazi zetu zilikuwa zinapelekwa kwa wakalimani wa simu wa miji mingine. Katika kliniki moja ya wajawazito, mama wa Baraka mwenye mimba ya miezi minane alimwambia mkunga, kupitia simu, kwamba tansio yake ilipanda katika mimba iliyotangulia na sasa anahisi inapanda tena, kichwa kinamuuma. Mkongo akisema tansio, anasema lile neno la Kifaransa: ni presha, shinikizo la damu. Mkalimani upande wa pili alikuwa mtu wa pwani. Hakulijua, akasikia Kiingereza ndani yake, akalirudisha kwa Kiingereza: mama ana wasiwasi, ana mfadhaiko. Simlaumu. Mimi nisingelijua kama nisingekaa miaka miwili na Yaya, na mtu anayelipwa kwa dakika na asiyeuona uso wa mgonjwa ana nafasi ndogo ya kuuliza. Bahati ni kwamba wakunga hupima presha ya kila mjamzito hata kama hajalalamika. Mashine ikasema alichokuwa amekisema mama. Alilazwa siku hiyohiyo. Mtoto yupo, nimembeba.

Mkunga aliandika malalamiko kwa wakala. Fomu ya hospitali ya kuomba mkalimani ikaongezwa mstari: Kiswahili cha Kongo, ana kwa ana. Wiki hiyo mratibu alimpigia Yaya, na Yaya, ambaye katika wiki zote tano hakuwa amepunguza hata peni, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama ameisoma barua yake.

Walikubaliana pauni 26, kima cha chini saa mbili. Mimi nikapata 23 na kima cha chini saa moja na nusu. Kijana wa Bujumbura walimpandishia hadi 20 bila kuomba, jambo ambalo bado tunalijadili. Simu imebaki peni 30, hapo hawakusogea. Kwa kazi ya Yaya sasa 68 zinaingia na 52 zinamfikia, na wakala hajafunga duka. Meneja wa kliniki aliwahi kumwuliza kama wanaweza kumwita moja kwa moja, lakini mkataba unamkataza kufanya kazi na mteja wa wakala kwa miezi 12 baada ya kuondoka, na anasema umri wake haumruhusu kukaa mwaka mzima akitazama dirisha.

Tatizo lililobaki ni muda. Mkataba unasema siku 30, wanalipa siku 60. Hapa ule ufanyabiashara tuliovikwa una faida moja ambayo hawakututajia. Sheria ya 1998 ya malipo yaliyochelewa, ambayo ni ya biashara kwa biashara, inampa mdai riba ya asilimia 8 juu ya ile ya Benki Kuu ya Uingereza, na juu yake pauni 40 za fidia kwa kila deni lililo chini ya pauni 1,000. Mfanyakazi wa mkahawani hana haki hiyo. Kampuni ya Yaya inayo. Novemba walikuwa wamechelewesha ankara yake ya pauni 312, kazi sita. Riba ilifika pauni 3 na ushei. Aliandika akadai 312, na 3 na ushei, na 40.

Zile 312 zililetwa ndani ya siku nne. Arobaini bado. Barua ya pili iko mezani kwake, anataka nimnyooshee Kiingereza, na anasisitiza kunilipa: pauni 23 kwa saa, kima cha chini saa moja na nusu.